Mkanda Mmoja wa Kochi Lako

Yohana, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Huna haya wewe. Masika matatu uko Nairobi unawachongea Wazungu makochi, na mimi bibi yako nakusikia kwa watu wa malori tu. Kalamu siijui, anayeandika ni mdogo wako Mariamu, na nimemkataza kulainisha neno.

Unalikumbuka kochi lile la kwanza? Ulimpima babu yako hapa uani, ukalishusha chini ili goti lake bovu lipate kunyooka. Miguu ukaitanua kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi. Babu yako akacheka, "Lifungeni kamba, litatoroka na ng'ombe!" Halafu akalikalia, hata wakati wa kula akawa hataki kushuka. Mikanda ya kukalia uliikata kwenye ngozi ya yule dume mwekundu, ukaisuka mwenyewe, mimi nikikushikia ncha. Bwana wa boma, yule Mzungu wa serikali, akaliona, akakutafutia kazi Nairobi, ndiyo ukaondoka.

Mwaka jana mvua haikuja. Ng'ombe walikwisha, uwele ukaisha. Tukaifungua mikanda yako, mmoja mmoja. Nilichoma manyoya, nikaloweka, nikachemsha toka asubuhi. Mariamu ananiambia, "Bibi, hilo nisiandike." Andika! Mkono huo unaoandika umelishwa na kochi. Babu yako alikuwa akionja mchuzi tu, kisha anamsogezea Mariamu bakuli.

Ulipobaki mkanda mmoja nikaja na kisu. Babu yako akaufunika kwa kiganja.

"Huu uache, mwanamke. Yohana akirudi ataonaje alivyosuka?"

Siku ya nne tukamzika. Nilimkasirikia, Yohana, na hasira bado ninayo. Tulikuletea habari, ukajibu una kazi ya bwana mkubwa.

Juzi amekuja Mzungu na picha za makochi yako. Analitaka hili la kwanza, alipeleke kwao likatazamwe, lisikaliwe. Akauliza mikanda mingine iko wapi. Nikamwambia tumeila. Akacheka sana, mpaka akaona mimi sicheki. Sikumpa.

Sasa linakaa pale pale, mifupa mitupu, na mimi nakaa chini nalitazama. Nakupenda, mjinga wewe. Usilale na njaa huko.

Ukija, pitia mnadani Ikungi ununue ngozi mbichi. Ule mkanda usiufungue. Anza kusuka hapo hapo babu yako alipoweka kiganja.

Bibi yako,
mkeo wa kwanza