Lebo ya Tangi la Tisa

Binti wa kaka yangu,

Pokea salamu za kujaza gunia. Mimi baba yako mdogo ni mzima kama chuma. Tumemaliza kuhamishia matumbawe laini kwenye jumba jipya la samaki, na bila mimi kazi ingelala. Hapa wananiita Profesa, ingawa darasa la tano lilinishinda. Tumbawe nikilikazia macho linanywea kwa aibu na kutaja jina lake lenyewe! Lebo zote mia mbili nimeziandika kwa mkono wangu.

Baba yako alikuwa akisugua mawe yaliyoshikwa na matumbawe hayo. Kwenye tangi la tisa akaniuliza, "Profesa, hapa nivae miwani? Nasikia mengine yana sumu."

Nikamcheka. "Kaka, hilo ni tumbawe la ngozi, soma lebo. Mtu mzima unaogopa kitu kama uyoga?"

Akasugua. Maji yakamrukia machoni.

Halikuwa la ngozi. Lilikuwa la vifungo, lile lenye sumu. Daktari anasema hataona tena.

Msimamizi alipouliza nani aliandika lebo ile, nikasema ni kaka mwenyewe.

Sasa nimekaa kando ya kitanda chake. Amesikia kalamu ikikwaruza, anataka nimsomee barua kabla sijaifunga. Nitamsomea mpaka pale penye lebo mia mbili, kisha nitarukia salamu za mwisho. Atacheka, anapenda majigambo yangu.

Ukija, msomee wewe yote.

Ni mimi,
Baba yako mdogo