Kilo Saba za Mgongoni

Uthiru, Nairobi
2 Septemba 2025

Kwa dada yangu mpendwa Syokau,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mke wangu Philister na kwa binti yetu Stacy. Je, magoti yamepoa? Na yule mbuzi mkorofi, ameacha kutafuna nguo za watu zilizoanikwa? Sisi hapa tu wazima, na safari hii nikisema wazima naomba uniamini. Najua ulitarajia simu, lakini kwenye simu wewe humkata mtu kauli kabla hajafika katikati. Ndiyo maana nimempa jirani yetu Mwololo barua hii, kwa kuwa anakuja nyumbani Kitui.

Nianze na kambi. Tulienda, tukarudi. Unakumbuka nilimwahidi Stacy mara mbili kwamba tutakwenda kambini kwenye milima ya Aberdare pamoja na vijana na wazazi wa kanisa letu, na mara zote mbili nikamwangusha. Ana miaka kumi na sita. Mwakani hatataka kuonekana na baba yake. Nilikwambia sheria ya kambi ni mzigo wa kilo saba kwa kila mtu, na mwenye kuzidisha habebwi, anabaki. Roho yangu yote ilikuwa kwenye hizo kilo saba.

Nilianza kwa kosa. Katika duka moja la Parklands nilichagua hema la watu wanne, lenye madirisha, maana kwangu mimi hema ni nyumba, na nyumba ni nafasi. Kwetu hakuna mizani, kwa hiyo Stacy akanipeleka kwa Kihara, muuza nyama wa hapa stejini, matatu zinaposimama. Kihara alifuta damu, akatandika gazeti, akaliweka hema pale anapoweka mapaja ya ng'ombe.

"Mzee, hii ni kilo sita na nusu," akasema. "Sasa huko juu utakula nini, madirisha?"

Nikalirudisha, nikachukua la watu wawili, kilo moja na nusu, jembamba hata nikadhani wamesahau kitu dukani. Kwa siku tatu mfululizo, nikitoka kazini, tulikuwa kwenye buchari yake. Wateja walisubiri matumbo yao huku Kihara akipima mfuko wangu wa kulalia, jiko dogo la gesi, soksi. Stacy alikuwa hakimu asiye na huruma. Taulo langu alilikata nusu. Suruali ya jinzi akaikataa, eti ikilowa haikauki tena. Maharagwe nayo akayakataa kwa kuwa yanamaliza gesi, akaleta unga wa uji na njugu.

Kisha kifurushi chako kikafika: blanketi, ile sufuria nzito, na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, wa kushibisha kwaya nzima. Kwetu mtu haachwi aende safari mikono mitupu, na kilichofungwa na dada mkubwa hakirudishwi. Nilikwambia tuliula mlimani. Nisamehe. Uliliwa hapa Uthiru. Kihara aliuchemsha na mifupa, na wateja wake wakakusifu bila kukujua.

Mlimani kulinyesha, na lile hema jembamba halikuvuja hata tone. Nilitembea siku mbili, sikuachwa nyuma.

Sasa, dada, keti. Kambi haikuwa na sheria ya kilo saba. Kijana mmoja alibeba hata gitaa. Sheria ilikuwa ya daktari, nisibebe zaidi ya hapo. Januari, nilipokwambia niko Mombasa kwa semina, nilikuwa nimelazwa hospitalini huko Upper Hill, nimepasuliwa mgongo. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi, na ndio ulionivunjia ahadi zile. Mama aliingia chumba cha upasuaji kwa ugonjwa huohuo wa mgongo, hakutoka hai, na wewe ndiye uliyengoja mlangoni ukiwa umeshika nguo zake. Uliniapisha nisikubali kisu kamwe. Nikakubali kisu, nikamkataza Philister kukwambia. Nilijidanganya kwamba nakuhurumia, kumbe nilikuogopa. Ningeisikia sauti yako, ningetoroka kitandani.

Jioni ya pili kambini, tukipika uji, Stacy aliniuliza kama shangazi anajua. Nikamjibu hapana, sikutaka uteseke. Akaendelea kukoroga uji.

"Baba, ulimnyima nafasi ya kukuombea," akasema.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Ijumaa nilirudi kwa daktari. Amesema mgongo umepona, nibebe mzigo kama watu wengine. Niliketi kwenye ngazi za lile jengo nikalia, watu wa maofisini wakinipita na chai zao. Mimi nilitoka, dada.

Basi kasirika kwanza, ni haki yako. Ukimaliza, niombee hivyohivyo, hata kama nimechelewa kukuomba. Jumamosi ijayo nakuja mwenyewe. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Kitavi