Moto wa Kipaimara cha Felix

Lulindi, Masasi
24 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba mgongo uliokuzuia kusafiri umeanza kutulia. Huku mimi, Baba Felix na watoto tu wazima; kikohozi cha mdogo kimekwisha. Nisalimie majirani wote wa Mnyambe.

Felix alipata Kipaimara Ijumaa ya juma lililopita, na sherehe tukaifanya kesho yake. Kuna jambo la siku hiyo ambalo sikuona vema kukusimulia kwa simu.

Katika ukoo wa mume wangu, siku ya sherehe ya mtoto, mama mzazi ndiye anayewasha moto wa uani, wala haondoki penye shimo la moto mpaka wageni wamekula. Asubuhi wifi yangu Sophia alifika na jiko la gesi limefungwa kamba nyuma ya pikipiki. Akatangaza mbele ya wanawake kwamba analiweka karibu, kwa kuwa mimi nililelewa na daftari, na mama yangu hakunionyesha hata ukuni unashikwa upande gani. Walicheka. Ningeuchukulia kuwa utani wa mawifi, lakini mama mkwe alitikisa kichwa kwa huruma, akasema kwamba ikifika saa nne moto haujakaa, Sophia apike. Nikajua anayepimwa pale ni wewe.

Nilichimba shimo la kina cha goti, na upande unakotoka upepo nikachimba mfereji mwembamba wa kupitisha hewa. Nikapanga manyasi, magunzi, vijiti, kisha matawi ya mikorosho tuliyopogoa. Ukashika vizuri, nikateleka sufuria ya nyama. Hapo elimu ikaniponza. Niliona gunia la maganda ya korosho, nikatafakari kwamba yana mafuta, kwa hiyo yatauchochea haraka. Nikamwaga karai zima. Mwali ukaruka juu ya sufuria, maganda yakapasuka, na moshi ule wa kuwasha ukajaa ua mzima. Sophia, akijifuta macho kwa khanga, aliuliza kama tumeitwa kwenye Kipaimara au kwenye msiba, ili ajue aanzishe wimbo gani.

Niliishusha sufuria ya nyama, nikayazoa maganda kwa koleo na kuyafukia mbali. Nikabaki na makaa machache. Mikono ilitaka kutupia kuni nyingi; nikakumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba moto hauna pupa, mwenye pupa ni mpishi. Nikauzibua mfereji uliozibwa na majivu, nikaweka vijiti vitatu tu, nikangoja. Sophia alikuwa akitaja saa kama mtangazaji wa redio. Nikaongeza viwili. Mwali mdogo usio na moshi ukasimama; nikairudisha sufuria, nikaulisha moto ukuni mmoja mmoja, nikisukuma ncha kila zilipoungua. Saa nne kasorobo sufuria ilikuwa inatokota. Wageni tisini walikula pilau isiyonuka moshi, na lile jiko la gesi halikufunguliwa hata kamba. Pengine ni upepo tu uliogeuka ukaniokoa, sina hakika. Ila moto ulikaa, Mama! Ulikaa mpaka saa tisa.

Sophia alipomaliza sahani ya pili, aliniuliza kwa sauti ni nani aliyenifundisha kungoja vile.

Sasa nikuungamie. Ile habari kwamba hukunifundisha ilitoka kinywani mwangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa ndoa, nikiwa na marundo ya madaftari ya kusahihisha, nilimwambia mama mkwe kwamba kwetu sikuwahi kuwasha moto, ili nisamehewe zamu ya jikoni. Nilisamehewa. Wewe ukasemwa kwa miaka kumi na minne, nami nikinyamaza kila walipocheka. Siku hiyo nilisimama, koleo mkononi, nikawaambia kwamba aliyenifundisha ni mama yangu, na mwongo ni mimi.

Sophia alipiga kigelegele, sijui cha kunipongeza au cha kunicheka. Mama mkwe akaniagiza nikuandikie kwamba anakuomba radhi. Nimeufikisha ujumbe wake, lakini wa kuomba radhi ni mimi.

Felix na Baba yake wanakuamkia. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mwanao uliyemfundisha,
Nancy (Mama Felix)