Gesi ya Kairu

Wawira,

Gesi iliyobaki kwa bomba ni ya chai moja tu, kwa hivyo mpikie nyanya yako kwanza. Githeri weka kwa kuni. Kairu alikufa mkiwa mmeshaenda shule, na bila ng'ombe hakuna mavi ya kulisha mtambo wa gesi.

Daktari wa mifugo alimpasua tumbo akatoa karatasi za plastiki za mkate, zimejisokota kama kamba. ~~Nataka kujua ni nani kati yenu~~ Usimuulize ndugu yako Mugendi chochote. Anayemmwagia Kairu maganda ya jikoni ni mimi, kila jioni, bila kuchagua. Mimi huyu wa kuwapigia kelele juu ya takataka.

Tumeenda na baba yenu kuchimba shimo. Ndoo ya kukamulia nimeiosha na kuianika, sijui ya nini.

Mama