Mtoto Wangu Hajasema Neno, na Jumamosi Anakatwa Uzi wa Ulimi

Bibi Batuli mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana jambo lenyewe lina siku yake na watu wameshaambiwa.

Mimi ni mkazi wa Mtendeni, karani wa ghala mchana na mwalimu wa kisomo jioni, tena ni mjumbe wa nyumba kumi, jina langu nalihifadhi kwa ajili ya heshima yangu mtaani. Nina mke, Nyamizi, kwao Ipole, baba yake mrina asali, na tumejaliwa mtoto mmoja wa kiume niliyempa jina la Azimio, sasa ana mwaka mmoja na miezi mitano, anatembea, anakula, meno anayo kumi na mawili nimeyahesabu mwenyewe, lakini Bibi, hajasema neno. Nimemtengea daftari, nimelipiga mistari vizuri, tarehe, neno, maoni, na tangu Januari safu ya neno ni nyeupe kama unga wa muhogo.

Si kwamba hana sauti, sauti anayo, kuku akiingia ndani anamfukuza kwa makelele, akiwa na kiu anashika mtungi na kusema minzi, minzi, na mama yake akienda kisimani analia mayu, mayu, mpaka arudi, lakini hayo nimeyaandika pembeni kama kelele, kwa sababu ni Kinyamwezi, na katika nyumba yangu nilipiga marufuku lugha za makabila tangu wiki ya harusi, sisi ni taifa moja, na Nyamizi akiteleza namwambia airudie sentensi yote kwa Kiswahili sanifu mara tatu, na nashukuru amezoea, siku hizi haropoki, anaweza kushinda kutwa nzima bila kutia neno, nyumba imetulia kama darasa wakati wa mtihani.

Wala usidhani sijamfundisha mtoto. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini namkalisha kwenye kigoda, nakaa mbele yake, namwambia, Sema: Umoja. Ananishika pua. Namwambia, Sema: Kujitegemea. Anakula chaki. Na mtoto wa jirani yetu Getruda, aliyezaliwa mwezi mzima nyuma yake, anasema toka, anasema nipe, anamwita mbwa kwa jina, nami nasikia yote hayo ukutani huku nimeshika daftari tupu.

Sasa Bibi, kilichoniweka pabaya ni mkutano wa mwezi uliopita, tulikuwa tunapanga sherehe za Saba Saba, nikasimama, nikasema mbele ya watu wote kwamba mwaka huu atakayefungua sherehe mtaani kwetu ni mwanangu Azimio, atapanda jukwaani aseme Uhuru, na umma utaitikia na Kazi, watu wakapiga makofi, sikuweza kurudi nyuma. Tangu siku hiyo sipiti Kanyenye kwa amani, yule kinyozi Lukumani akiniona tu anasimamisha mkasi, anauliza, "Mjumbe, Azimio lako vipi, bado liko kwenye makaratasi?" na waliokaa kwenye benchi wote wanacheka, hata aliyenyolewa nusu kichwa.

Tumefanya kila kitu, mayai tumemnyima, kioo nimekifungia sandukuni asijione akachelewa kusema, ikawa bure. Ndipo shangazi yangu Mwanajuma akamfungua mtoto kinywa, akasema chini ya ulimi kuna uzi, ulimi umefungwa, na anamjua fundi mmoja njia ya Sikonge anayeukata kwa wembe, anapaka chumvi na majivu, mtoto analia siku mbili, ya tatu anasema. Fundi anakuja Jumamosi. Nyamizi alipoambiwa alisema sentensi moja tu, tena kwa Kiswahili kizuri, "Ulimi wa mwanangu ni mzima," akambeba mtoto, na mpaka leo anashinda barazani kwa Getruda, analala huko huko, na mimi ni mjumbe, ninasuluhisha ndoa za watu.

Je Bibi, nimwambie nini mke wangu ili akubali? Na jeraha la namna hiyo litakuwa limepona ifikapo Saba Saba, au nimwombe fundi aje mapema zaidi?

Ni mimi,
Baba wa Bubu, Mtendeni


Marahaba, ingawa shikamoo yako imeingia kwangu na wembe mkononi.

Nianze na hilo jina uliloliweka chini ya barua. Bubu ni nani? Huyo anayeomba maji na kumwita mama yake? Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kidole juu ya mstari, maana kisomo chenyewe nimekimaliza mwaka juzi na sioni haya kusema. Na mara zote mbili nimeyakuta maneno mawili ya mwanao, umeyaandika wewe kwa mkono wako. Mimi niliyezijua herufi nikiwa na mvi nimeyaona. Wewe mwalimu umeyatupa pembeni, ukayaita kelele.

Minzi ni maji, baba. Au mtungi wako ukisikia minzi hukauka?

Unasema taifa moja. Sawa, na mimi ni wa taifa hilo hilo, kadi ninayo. Lakini babu yangu alibeba pembe begani kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo, akatoka na Kinyamwezi chake, akarudi na Kiswahili juu yake, na hakuna aliyemkata ulimi ili hicho cha pili kipate njia. Mji huu wote ulijengwa na watu wa namna hiyo. Watoto wa hapa tumenyonya lugha mbili, moja titi la kulia, nyingine la kushoto, na sijamwona aliyevimbiwa.

Tena hebu niulize. Hayo maneno mawili mtoto ameyaokota wapi, na wewe umepiga marufuku? Ukishatoka kwenda ghalani, mama yake humnong'oneza. Mwanamke yumo ndani ya nyumba yake, mchana kweupe, anampa mwanawe maneno kwa kificho kama sukari ya magendo! Halafu unanisifia nyumba imetulia. Nyumba yenye mtoto wa mwaka na nusu ikitulia hivyo, ujue kuna mtu ameumia. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa, akisikia mama anagombana na kuku, anaimba, anamlaani panya aliyetoboa gunia. Wewe umemziba mama mdomo, kisha unashangaa mtoto hana la kuokota.

Sema Umoja, sema Kujitegemea. Mtoto yuko na winda! Neno la kwanza mtoto hulitumia kwa anachokitaka au kwa anayempenda, na ndiyo maana wako kasema maji na mama. Hayo makubwa yako ataambiwa shuleni, tena atachoka nayo. Akili anayo, kwani chaki umempa, amejaribu kama inalika. Jina lenyewe ulilompa ni mzigo wa kubebwa na wanaume wanne, na bado unataka akahutubie. Na hicho kioo kitoe sandukuni. Aliyekuwa na haja ya kujitazama si mtoto.

Sasa wembe. Hapa sitanii, kaa chini usome vizuri.

Nilikuwa na mdogo wangu akiitwa Sikuzani. Alikuwa na umri kama wa Azimio wako, na shangazi kama Mwanajuma wako naye alikuwapo, watu hao hawakosekani. Wakasema ulimi umefungwa. Wakamshika miguu, wakamkata asubuhi, wakapaka chumvi na majivu hayo hayo. Damu haikukatika. Ilipofika alasiri alikuwa baridi. Na hakuwa bubu. Kila asubuhi alikuwa akija mkekani kwangu akinivuta nywele na kuniita Tuli, Tuli, kwa sababu Batuli ilikuwa ndefu kwake. Wakubwa walikuwa wakingoja aseme jina la baba. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua kwamba Tuli linahesabiwa. Kama ningejua ningepiga kelele mpaka boma zima lisikie. Basi leo nimejua, na ninapiga.

Huyo fundi asikanyage kwako. Mwambie Mwanajuma, Batuli wa Kanyenye amesema, na akiwa na ubishi aje kwangu, anapajua.

Ukitaka kujua ulimi wa mtoto, mkweo ni mrina asali, unataka fundi gani tena? Chukua asali ya Ipole, mpake kidogo juu ya mdomo wa juu, umtazame. Akiuleta ulimi akairamba, ulimi hauna kamba. Kisha simama nyuma yake asipokuona, gonga sufuria. Akigeuka, masikio ni mazima. Ikiwa hairambi, au hageuki, mpeleke hospitali kwa waliosomea, mchana, na mama yake awepo. Lakini mtoto anayemsikia kuku akiingia ndani, mimi sina wasiwasi naye. Wasiwasi wangu ni baba.

Umeniuliza umwambie nini mkeo akubali. Hutamwambia akubali kitu. Gazeti hili hutoka Alhamisi, kwa hiyo una Ijumaa nzima ya kupata akili, na Ijumaa ni siku njema. Ukitoka kazini nenda barazani kwa Getruda, kofia mkononi, na cheo chako cha ujumbe kiache nyumbani. Mwambie Nyamizi umekosa. Mwambie kwa Kinyamwezi. Ukiteleza, akurudishe mara tatu, Getruda akisikia, na mtoto wa Getruda akisikia, huyo ndiye mwenye maneno mengi, atakusaidia. Kuanzia hapo mama aseme na mwanawe kwa lugha iliyomo kifuani mwake, nawe sema naye Kiswahili chako, lakini si cha kwenye kigoda. Mwonyeshe kofia, mwambie hii kofia ya baba, baba anavaa, baba anakwenda kazini, haya kaa na mama. Upuuzi mtupu! Ndio huo unaomfundisha mtoto.

Daftari lina kurasa nzuri, mpe Nyamizi aanze kisomo. Darasa umelifungua kwa mtaa mzima, mkeo umempa adhabu tu.

Kuhusu Saba Saba, wewe ndiye uliyeahidi. Panda jukwaani mwenyewe useme hiyo Uhuru, mdomo unao, tena mpana. Lukumani atacheka, na acheke. Kinyozi asiyecheka wateja wake huhama.

Na fundi wa Sikonge akifika Jumamosi kabla habari hazijamfikia, usimrudishe bure masikini, ametoka mbali. Mkalishe kwenye kile kigoda cha masomo, hapana, kaa wewe, mpe kidevu chako akinyoe. Akimaliza umwage maji ya sabuni nje, urudi ndani. Azimio akishika mtungi akasema minzi, usikimbilie kalamu. Mpe maji.

Bibi Batuli,
Kanyenye