Sanamu ya Dukani ni Mume Wangu

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie na unijibu mapema, kwa sababu Jumatatu mume wangu anatakiwa kutoa jibu, na mimi mpaka sasa sijui nimshike nimzuie au nimfungashie mizigo aende zake.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina kibanda cha mashati ya kiume, ya mitumba, lakini mitumba safi, si yale ya kufutia baiskeli, na kibanda chenyewe ni cha mabati, ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Nilikianzisha baada ya ghala alilokuwa akifanyia kazi mume wangu kufungwa, yeye alikuwa mpangaji wa mizigo mle ndani, basi akarudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango anaangalia ukuta, ndevu zimemjaa, ukimuuliza ale nini anasema chochote, ukimuuliza anawaza nini anasema hakuna, nikaona huyu nikimwacha ataota mizizi, nikavunja kibubu changu nikaingia sokoni.

Mtaji ulikuwa mdogo wa kuchekesha, Shangazi, robota zima la nguo sikuliweza hata kwa ndoto, kwa hiyo nikawa nawahi alfajiri kwa wanaofungua marobota, nachagua shati moja moja, na kwa kuwa saizi za kwenye kola zilinichanganya, moja ni herufi, nyingine ni namba, nyingine imefutika kabisa, nikaja na akili yangu mwenyewe. Nilibeba shati la zamani la mume wangu, lile la bluu lililochakaa kola, nikawa natandaza kila shati juu yake, likilingana nachukua, lisipolingana naacha hata kama ni zuri la kuliza. Mwenyewe hajui, nalificha chini ya meza ya kibandani, analitafuta mpaka leo na anamshuku jirani kwamba alilianua kambani.

Siku ya kwanza niliyatundika kwenye misumari. Shati kwenye msumari linasikitisha, mabega yameanguka, mikono inaning'inia, watu wakapita kama hawanioni, na sanamu ya plastiki ya kuvalishia nilipouliza bei nilicheka kwa hasira. Mume wangu alikuwa ameniletea chakula cha mchana, nikamwambia, "Baba watoto, hebu vaa hili usimame hapo mlangoni." Akasema, "Nisimame nifanye nini?" Nikamjibu, "Usifanye chochote, si ndiyo kazi uliyoizoea siku hizi?" Akavaa, akasimama.

Alisimama kimya mpaka akaja mama mmoja, akavuta mkono wa shati apime kitambaa, mume wangu akasema, "Habari yako, dada," basi yule mama alipiga yowe, mkoba huku, viatu kule, halafu akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda changu, akanunua shati lile lile, na kesho yake akaleta wenzake.

Ndiyo biashara ikachanganya, nami nikamshukuru Mungu, lakini sasa nakuambia ukweli, Shangazi, ninachokiona pale mlangoni kinanipandisha presha. Mume wangu amekuwa mtu mwingine, ananyoa kila asubuhi, anapiga mluzi njia nzima, anajipara kama bwana harusi, anashona vifungo kabla hata mteja hajauliza, anapiga pasi mpaka makunjo ya mikono yanasimama wima, tena ananipangia, eti "mama watoto, hili la mistari tulitoe jioni, jua likipungua ndipo rangi yake inaonekana," na kweli likatoka jioni hiyo hiyo. Wanawake wanamwambia, "Hebu geuka tuone mgongo," naye anageuka! Wanamwambia, "Jamani, limekukaa," naye anachekelea. Fundi cherehani wa kibanda cha pili ndiye amezidi, kila siku anakuja na futi kamba kumpima mume wangu mabega, na yule mama anashona mapazia tu, Shangazi, mapazia matupu, sasa nakuuliza wewe, mapazia yana mabega?

Juzi akaja bwana mmoja mfupi, mnene, amevaa shati alilonunuliwa kwangu na mkewe, mikono imemfunika vidole, vifungo vya tumboni havionani kabisa, akasimama mbele ya mume wangu akamwangalia kutoka juu hadi chini, akaniuliza, "Ndiyo huyu?" Nikajifanya natafuta chenji. Akasema, "Mke wangu kila siku ananiambia shati hili lilikuwa zuri lilipokuwa dukani. Sasa nimejua kwa nini." Akalivua palepale, akataka nimbadilishie, nikapekua kibanda kizima sikupata hata moja la kumtosha, akaondoka na singlendi anabwata barabara nzima, na tangu siku hiyo wameshakuja wengine kurudisha.

Nikiwa bado sijapumua, akajitokeza Mama Pafyumu, mwenye duka kubwa la ng'ambo ya barabara, lenye kioo na feni, mwanamke ambaye harufu yake inafika dakika nzima kabla yake. Akaja akanunua shati ambalo najua hana wa kumvalisha, akamwambia mume wangu mbele yangu, "Kaka, mtu anayependeza hivi anasimama juani? Njoo kwangu, nitakupa mshahara na chakula cha mchana, nijibu Jumatatu." Mume wangu akasema asante. Asante, Shangazi! Usiku nikamuuliza, "Kwani hapa kwangu unakosa nini?" Akaendelea kupiga pasi.

Sasa akienda, wateja wote watavuka naye barabara, mimi nitabaki na misumari yangu. Akibaki, nitaanguka kwa presha siku ambayo fundi wa mapazia atampima kifua. Wenzangu wananiambia nimrudishe nyumbani kwenye kiti chake, lakini nikikumbuka zile ndevu nashindwa. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mama Mashati

*

Mama Mashati mwanangu,

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, mhariri akaacha kazi zake kusikiliza, na tulipofika kwa fundi wa mapazia hakuna aliyeweza kuendelea. Nimeshamaliza kucheka. Nikujibu kwanza ulichouliza: hapana, mapazia hayana mabega, na mimi ningekuwa nimeshaificha ile futi kamba siku nyingi. Pole sana. Lakini pole yangu inaishia hapo, sasa tuzungumze.

Wewe huna duka la mashati. Una kabati la nguo za mume wako, umelifungua likaangalia barabara. Alfajiri zote hizo umeruka mashati mazuri ya watu wafupi, wembamba na wenye vitambi, kwa sababu tu hayakulingana na lile la bluu, halafu bwana mfupi akija juu unatafuta chenji! Yule bwana amekufundisha biashara bure, na ada yake ilikuwa kutembea na singlendi mchana kweupe. Mtafute, mwombe radhi, mpime, na kesho alfajiri la kwanza kuchagua liwe la kwake. Na hao wengine waliorudisha nao uwatendee hivyo hivyo, kabla hawajakutangaza mtaa mzima.

Ile akili yako ya kutandaza shati juu ya shati si mbaya, ulikosea tu kuitumia kwa mwanamume mmoja. Kuanzia sasa kila mwanamke anayemnunulia mtu wake aje na shati lake la zamani, mlitandaze, mlinganishe, aondoke na linalomtosha. Kama huna, mwambie arudi keshokutwa, wewe ukamtafutie. Hutafungia tena hela kwenye mashati ya kubahatisha, na papo hapo utawajua wanaokuja kununua na wanaokuja kutalii. Fundi wa mapazia naye umwambie alete shati la mtu wake. Kama hana, alete pazia.

Mume wako mtoe pale mlangoni. Simsemi yeye, nakusema wewe. Mtu aliyekuwa anapanga mizigo ya ghala zima unamsimamisha kama mti wa kutundikia kofia? Umeandika mwenyewe kwamba anajua shati gani litoke jioni, kwamba vifungo anashona kabla hajaombwa, kwamba pasi yake inasimamisha makunjo, na yote hayo ukayaita kujipara. Mwanangu, huyo ni muuzaji, na Mama Pafyumu amekiona mara moja ulichoshindwa kukiona miezi yote. Mpe futi kamba awe yeye anayepima, asipimwe tena. Alfajiri mwende pamoja, yeye achague na wewe upatane bei. Mlangoni weka hanga, jaza magazeti ya zamani mabegani na kifuani, shati litasimama lenyewe. Tumia hata gazeti hili ukishamaliza kunisoma.

Tena umlipe. Najua utasema mume halipwi. Kwa kuwa mume, kweli halipwi, lakini anayeuza dukani analipwa. Iwe hela kidogo, iwe ya kila Jumamosi, umpe mkononi bila hotuba, anunue wembe wake mwenyewe.

Mama Pafyumu usimguse. Usivuke barabara, usimtupie maneno, usianze kunusa nguo za mumeo. Ameona kitu kizuri kimesimama juani hakuna anayekisifia, akataja bei. Angekuwa mfanyabiashara wa ajabu kama angepita tu.

Na hapo ndipo ninapokugombeza hasa. Barua yako nimeirudia kutoka juu mpaka chini. Umesifu mashati, umesifu pasi, umeniandikia neno kwa neno wanawake wa mtaa mzima wanamwambia nini mume wako. Nikatafuta wewe ulimwambia nini. Nimeona moja tu: "Usifanye chochote, si ndiyo kazi uliyoizoea." Halafu usiku unamuuliza anakosa nini! Mwanamume aliyekuwa anaota mizizi kwenye kiti ameamka, amenyoa, anapiga mluzi, na mkewe amekaa chini kuliandikia gazeti kushtaki mluzi. Aibu nimeona mimi kwa niaba yako.

Lakini kuna jambo limenizuia nisikuchape zaidi. Alfajiri zote hizo ulikuwa katikati ya mashati ya wanaume wa dunia nzima, la kwake umelishika mkononi, na kila lisilomtosha yeye uliliacha, hata liwe zuri la kuliza. Kibiashara ni ujinga, nimeshakuambia. Ila yeye hajui. Anadhani ulimsimamisha mlangoni kwa sababu hukuwa na hela ya sanamu, na shati lake anaamini limeibwa na jirani.

Kwa hiyo leo jioni, akishavua la dukani, litoe lile la bluu chini ya meza. Mweleze limekuwa wapi na lilikuwa likifanya kazi gani, kisha umwombe msamaha jirani. Mvalishe, mfungie vifungo wewe mwenyewe, vyote, taratibu, umwambie amependeza. Usimwombe abaki. Jumatatu mwache avuke barabara akatoe jibu lake akiwa amelivaa hilo hilo, na kola yake iliyochakaa.

Shangazi yako