Barua Iliyotokea Iringa

Kamwene mama,

Baridi ya Mbeya imezidi ya kwetu. Nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi na bado vidole vina ganzi.

Kazi yangu unaijua: wenzangu wakienda ofisi nyingine, mimi ndiye ninayewakumbusha wabadilishe printa kwenye kompyuta zao. Jana, nilipofika kikazi ofisi ya hapa Mbeya, nikasahau mwenyewe. Nilituma barua yangu, printa iliyo mbele yangu ikakaa kimya, nikabonyeza mara tano. Kumbe nakala zote zilikuwa zinatoka huko Iringa, pembeni ya meza ya bosi.

Nikampigia Mama Neema, katibu muhtasi. "Nimeziokota zote, bosi alikuwa hajafika," akasema. Kisha akaongeza: "Unaomba uhamisho wa kwenda Mbeya. Mama yako anajua?"

Hujui, mama. Na Mama Neema mnaimba naye kwaya, benchi moja. Kwenye simu nitalia tu, kwa hiyo nampa kondakta wa basi la asubuhi kadi hii, ikufikie kabla ya mazoezi ya leo jioni. Mama Neema akikujia na uso wa huruma, mwambie nimeshakwambia.

Barua ya uhamisho sijampa bosi. Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Tumaini